Treni Iliyofutwa Haichelewi

Kitabu cha zamu cha stesheni ya Likasi huanza na majina ya waliokuwepo, ndipo mambo mengine yanafuata. Nimekiandika kitabu hicho miaka mingi mno, sasa sijui kuanza kwa namna nyingine. Basi, siku niliyoingia kazini walikuwepo: Shefu Kalonda, mkuu wa stesheni, Papa Ilunga, karani wa saa, Mwape, kijana aliyeanza kazi ya usimamizi wa treni wiki hiyo hiyo, kofia yake kubwa kuliko kichwa, mbuzi wawili wa abiria, wamefungwa kwenye nguzo, na mimi, Masengo, nimeshika ufagio. Treni ya saa tatu, ambayo ndiyo sababu ya sisi wote kuwa pale, haikuwepo.

Nimestaafu juzi tu. Vijana wa ofisi ya mwendo wa treni, ambao siku hizi wanapima kwa simu, walinishika mlangoni nikiwa nabeba vikombe vyangu. "Yaya, utuandikieko namna mulikuwa munapima retari mbele kompyuta haijafika," walisema. Yaya ni dada mkubwa, retari ni ucheleweshaji, kwa msomaji ambaye hajawahi kusubiri treni kwetu. Nikawaambia mimi nimeishia mwaka wa pili wa sekondari, sijui kuandika kitabu. Wakasema andika kama unavyoandika kitabu cha zamu. Haya. Vyeo siviandiki, vilikuwa viwili tu, na cha kwanza kilikuwa ufagio.

Ufagio nilioupata una historia fupi. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, tukikaa Shituru katika nyumba za kampuni. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nyuma yangu walikuwepo wadogo wanne, wa mwisho wao, Janini, bado anabebwa mgongoni. Shule niliiacha siku ya Jumatatu. Siku ya Jumanne niliuza makaa. Nikauza makaa karibu mwaka mzima, mpaka padri wa parokia yetu akamwambia Shefu Kalonda kwamba kuna msichana anayefika kila mahali kabla ya wenzake. Shefu akasema mtu wa namna hiyo reli haijapata kumwona, aletwe.

Papa Ilunga, karani wa saa, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa askofu na macho mabaya kuliko ya popo. Kazi yake ilikuwa kuandika dakika ambayo kila treni imefika na dakika ambayo imeondoka. Wiki ya pili aliniita dirishani.

"Mutoto, weye unaona ile treni?"

"Ninaiona, Papa."

"Unaona mukia yake?"

"Mkia bado, Papa. Naona kichwa."

"Kichwa hata minye naona. Kichwa inapiga kelele. Weye uniambie mukia."

Hilo ndilo somo la kwanza, wadogo zangu, na simu zenu haziwafundishi. Treni inafika lini? Abiria atasema imefika aliposikia honi. Dereva atasema imefika aliposimamisha injini. Mke wa dereva atasema imefika alipoingia nyumbani. Papa Ilunga alikuwa na jibu moja tu: treni imefika pale behewa la mwisho, lile lenye kibao chekundu nyuma, limeshavuka mahali reli zinapogawanyika na kuingia stesheni. Kwa nini? Kwa sababu kuna siku kichwa kinafika na mkia unabaki porini. Mnacheka, lakini mimi nimeshaona injini ikiingia kwa mbwembwe, watu wanapunga mikono, halafu mwanamke mmoja anauliza, "Na behewa ya bwana yangu?" Ilikuwa kilomita sita nyuma, bwana yake amekaa mlangoni anakula mahindi.

Kwa hiyo mimi nilikuwa macho ya Papa Ilunga. Nilisema "mkia," yeye akatazama saa na kuandika. Baada ya miezi kadhaa macho yake hayakuona hata saa, nikawa nasema mkia na saa pia. Halafu siku moja akanisukumia kalamu. Hapakuwa na sherehe. Alisema tu, "Andika polepole, namba inakaa kuliko muntu." Ufagio niliendelea nao asubuhi, maana hakuna aliyekuja kuuchukua.

Somo la pili lilikuwa saa yenyewe. Saa ya ukutani ilikuwa inapoteza dakika nne kila siku. Kila asubuhi tulipiga simu Lubumbashi kuuliza saa, na Papa Ilunga alipanda kiti na kuisogeza sindano kwa kidole. Siku laini ya simu ilipokufa, tulisogeza kwa kukisia. Siku mbili zikifuatana, dakika nane. Mkiona katika vitabu vya zamani wiki ambayo treni zote za Likasi zimefika mapema kidogo, msiwasifu madereva. Waulizeni mafundi wa simu.

Somo la tatu alilitoa huku akinywa chai, akionyesha kwa kidole ratiba iliyobandikwa ukutani. Treni imechelewa ukilinganisha na nini? Na karatasi ile. Sasa karatasi ni ya nani? Ya wakubwa. Mwaka ule treni moja iliyokuwa ikisafiri kwa muda wa saa sita ilipewa ratiba mpya ya muda wa saa tisa. Haikukimbia zaidi, njia haikutengenezwa, lakini kuanzia Jumatatu ile ilikuwa inawahi. Tena kipimo kilichukuliwa mwanzo wa safari na mwisho wake tu. Zile saa tatu za ziada ziliwekwa karibu na mwisho, hivyo treni iliweza kuchelewa kila kituo cha katikati, ikasimama, ikapumua, na kuingia kituo cha mwisho kwa wakati, safi kama bwana harusi. Abiria wa vituo vya katikati hawakuwemo katika hesabu yoyote. "Hawa banasafiri, lakini habahesabiwi," alisema Papa Ilunga. Likumbukeni jambo hilo, kwa sababu limenigharimu.

Kulikuwa na siku ngumu ambazo hazikuwa na safu katika kitabu. Ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya treni iliyoondoka Likasi kwa dakika yake kamili, watu wamelia na kuagana vizuri, ikatembea kidogo tu, injini ikaumwa, ikarudi kinyumenyume. Jioni ikaingia stesheni mkia ukitangulia. Wale walioagwa wakashuka. Mwape alishuka wa mwisho, kofia mkononi.

"Tumefika salama," alisema.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Likasi."

"Mulikuwa munaenda wapi?"

"Yaya, weye andika tu. Haina karani wa kuandika roho za bantu, ni treni tu."

Shefu Kalonda, Papa Ilunga na mimi tulikaa na kitabu kile mpaka chai ikapoa. Imeondoka kwa wakati, hilo kweli. Imefika stesheni, mkia umevuka, hilo pia kweli. Imefutwa? Haiwezekani, imetembea. Imechelewa? Kufika wapi? Mwishowe Papa Ilunga aliandika, kwa mwandiko wake wa kiaskofu: "Ilikwenda matembezi." Sentensi hiyo ilirudi kutoka makao makuu ikiwa na mstari mwekundu chini yake na alama tatu za kuuliza.

Tena kulikuwa na fomu mpya. Ililetwa na wataalamu waliokuwa wametembea kwenye reli za nchi nyingine. Katika safu ya dakika za kuchelewa walikuwa wamechora visanduku viwili vya tarakimu. Viwili tu! Treni iliyochelewa tangu jana utaiandikaje katika visanduku viwili? Niliandika tisini na tisa, wakadhani ni mzaha. Niliandika mbili, maana yake saa mbili, wakadhani ni dakika mbili, wakatupongeza. Papa Ilunga alistaafu mwezi uleule. Alisema sababu ni macho, lakini mimi nafikiri ni visanduku.

Hapo ndipo nilipobaki peke yangu na kalamu, miaka ikapita, nami nikaanza kujiona.

Kila mwisho wa mwezi makao makuu walileta orodha ya stesheni, kuanzia ile yenye treni nyingi zilizowahi mpaka ile yenye chache. Shefu Kalonda aliibandika mlangoni. Likasi ilikuwa katikati, haisifiwi wala haitukanwi. Makarani wa stesheni nyingine walikuwa na diploma, baadhi walisoma mpaka chuo. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili wa sekondari na wadogo wanne. Nilitaka kuwapita. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Njia niliipata katika kanuni, tena kwa kusoma mwenyewe, jambo ambalo nilijivunia mno. Kanuni ilisema hivi: treni ambayo haikuondoka siku yake, na abiria wake wametangaziwa warudi nyumbani, iandikwe kwamba imefutwa. Treni iliyofutwa haiingii katika hesabu ya kuchelewa. Na ikiwa kesho yake kuna treni nyingine ya kuwasaidia watu, hiyo ipewe namba mpya, iitwe treni maalumu. Treni maalumu haina ratiba, kwa hiyo saa yoyote inayoondoka ndiyo saa yake.

Hebu fanyeni hesabu. Chukua treni kumi. Sita zimewahi, nne zimechelewa. Ukiziandika kama zilivyo, umepata sita katika kumi. Sasa zile nne zifute. Zimebaki sita, na zote sita zimewahi. Huna tena treni hata moja iliyochelewa, na hakuna injini iliyoongezwa hata msumari. Ukizipa zile nne namba mpya, una treni kumi, zote kwa wakati. Wakati ule nilijiona nimegundua madini.

Treni yetu iliyochelewa kuliko zote ilikuwa ya Alhamisi. Ilitakiwa kuondoka Likasi saa moja asubuhi, kupita Mulandi saa mbili na dakika kumi, kwenda mpaka mwisho wa njia, na kurudi jioni. Mulandi ni kituo kidogo, hakina paa wala karani. Kuna kibao cha jina na wanawake waliokaa juu ya mifuko ya mihogo. Masika barabara ya kule inakatika, baiskeli inabebwa na mwenyewe. Treni ilikuwa njia yao ya soko, ya hospitali, ya kila kitu. Injini yake ilikuwa inatoka mbali, mara nyingi ilifika Ijumaa. Basi kila Alhamisi jioni nilikuwa naandika: imefutwa. Ijumaa nikaandika: treni maalumu, imeondoka kwa wakati. Mabehewa ni yaleyale, Mwape ni yuleyule na karatasi yake ya safari ananipa mkononi, abiria ni walewale, wamelala stesheni juu ya mizigo yao. Sehemu ya kanuni inayosema abiria watangaziwe warudi nyumbani niliiruka. Wangerudi nyumbani kwa nini?

Likasi ikapanda. Mwezi wa pili ikawa ya tatu, baadaye ya kwanza, na ikakaa pale juu. Shefu Kalonda alipaka mlango rangi ili orodha ionekane vizuri. Mwape alisimama mbele yake, akaisoma, akanigeukia.

"Yaya, kumbe tunakimbia hivi? Minye niko ndani ya treni na sijuake."

"Nenda kazini, Mwape."

Alikuwa ameshaelewa.

Barua ilikuja mwanzoni mwa masika. Makao makuu walikuwa wanatafuta injini kwa ajili ya treni za mizigo, wakaamua kutazama safu ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama: safu ya treni zilizofutwa. Wakaona treni ya Alhamisi inafutwa karibu kila wiki, wala hawakujua kwamba treni maalumu ya Ijumaa ndiyo hiyohiyo. Wakafikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri: treni isiyotembea haina wasafiri, na isiyo na wasafiri haina haja ya ratiba. Ratiba mpya itakapotoka, Alhamisi haimo. Mkaguzi angekuja kuthibitisha.

Nilisoma barua ile nimesimama. Kwa mkono wangu nilikuwa nimewafungia Mulandi njia yao ya kutoka, na nilikuwa nimepata nini? Mlango uliopakwa rangi.

Habari zikafika Mulandi kabla ya mkaguzi. Asubuhi ya siku ya mkaguzi, kabla yake, aliingia Mama Chalwe, mwanamke wa mihogo ambaye wenzake walimwachia kazi ya kusema. Alikuwa amekuja na treni ya Alhamisi, ile iliyotembea Ijumaa.

"Yaya Masengo, nasikia treni yetu haitembeake. Sasa jana minye nilipanda nini?"

Nikampa kiti.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikaa kwenye meza ya Shefu Kalonda, kitabu changu kikiwa wazi mbele yake. Mwape aliitwa kwa kuwa ndiye mkuu wa treni hiyo. Mimi nilisimama karibu na kabati. Ndani ya droo yake zilikuwa karatasi zote za safari ambazo Mwape alinipa, kila moja na tarehe yake na saa ya kweli. Sikuzitupa hata moja. Papa Ilunga alinifundisha kutotupa.

"Mama," mkaguzi alimwambia Mama Chalwe, "kitabu hiki kinasema treni ya Alhamisi imefutwa wiki baada ya wiki."

"Papa, kitabu yako ilipandaka treni siku gani? Minye nilikaa juu ya mufuko, mutoto ya mama mwengine ku mabega yangu, kuku ya muntu ku miguu. Kama treni haikutembea, basi Likasi njo ilitufata Mulandi."

Shefu Kalonda alikohoa ili asicheke. Mkaguzi hakukohoa. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, akaweka kidole.

"Kwa hiyo treni ilitembea, na mtu akaandika kwamba imefutwa. Huo ni uongo katika kitabu cha kazi. Mnajua adhabu yake." Tulijua. Ni mlango, tena wa kutokea. "Nani aliandika?"

Swali la bure, mwandiko ule ulikuwa unajulikana mpaka Lubumbashi. Janini alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya uuguzi. Kaka yake aliyemtangulia alikuwa bado anajifunza ufundi wa umeme. Nyumba nzima ilisimama juu ya kalamu hiyo. Nilifungua mdomo, na naapa kwamba nilitaka kusema ni mimi.

"Shefu, kosa ni ya minye," alisema Mwape.

Mkaguzi akainua macho.

"Karatasi ya safari, kanuni inasema niipeleke kwa karani siku ile ile. Minye ninazichelewesha. Siku mbili, siku tatu, nyingine zinabaki mu mufuko ya suruali, muke yangu anazifua. Sasa karani haoni karatasi, ataandika nini? Ataandika imefutwa, na ya Ijumaa ataiita maalumu. Yaya Masengo angefanya nini?"

Ilikuwa uongo mtupu. Mwape alikuwa ananipa karatasi kabla jasho lake halijakauka. Alinitazama kidogo tu, kisha akatazama dari, kama mtu anayeangalia kama patavuja.

"Ni kweli?" mkaguzi aliniuliza.

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilikataa. Niliinamisha kichwa. Hakuna aliyenifunga mdomo. Niliufunga mwenyewe, na mkaguzi aliandika kichwa kilichoinama kuwa ndiyo. Halafu akaomba karatasi hizo zilizochelewa. Nikafungua droo, nikampa zote. Akazihesabu moja moja mbele ya Mama Chalwe, akachukua kalamu nyekundu, na kila palipoandikwa imefutwa akaandika: imetembea, imechelewa, na treni maalumu za Ijumaa akazipiga mstari. Treni ya Alhamisi ikabaki katika ratiba. Mama Chalwe alipiga vigelegele ofisini, jambo ambalo kanuni haizungumzii.

Mwape alihamishiwa Bukama, mbali kwa siku mbili za treni ikiwa treni ina nia njema. Mke na watoto wake wawili walibaki Shituru kwa sababu ya shule. Likizo zake akawa anazimalizia njiani, akisubiri treni ambazo mimi niliziandika sasa kwa saa zake za kweli. Kuna likizo moja alifika Likasi, akala chakula cha jioni na wanawe, akarudi kupanda. Mke wake hakunisalimia kanisani miaka miwili, na alikuwa na haki.

Siku ya kuondoka kwake treni ilichelewa, kwa hiyo tulipata muda mrefu wa kuongea jukwaani, sisi wawili na Mama Chalwe aliyekuja kumletea mfuko wa mihogo.

"Juu ya nini ulifanya vile?" nilimuuliza.

"Wangenihamisha minye. Weye wangekufukuza. Hesabu hiyo hata wale mbuzi wa siku ya kwanza wangeiweza."

"Nitakulipa, Mwape."

"Eyo, utanilipa. Unafikiri nitakuachilia?" Akakaa juu ya sanduku lake, akavua kofia, ambayo miaka ilikuwa imeifanya imtoshe. "Siku treni ya Alhamisi itafika Mulandi saa yake, ile ya ratiba, saa mbili na dakika kumi, uniite. Siku hiyo tumemalizana."

"Mulandi hakuna karani," nilisema. "Nani atapima?"

"Minye nitapima," alisema Mama Chalwe. "Muniletee saa."

Nikampa yangu ya mkononi.

Tangu siku ile niliandika ukweli. Likasi iliteremka kwenye orodha mpaka chini kabisa, na Shefu Kalonda akagundua kwamba mlango unapendeza bila karatasi. Wadogo zangu, mkipewa namba ya treni zilizowahi, ulizeni hapohapo namba ya zilizofutwa, zisomeni pamoja kama mnavyosoma kurasa mbili za barua moja. Halafu ulizeni ni wapi walipopima. Mwisho ulizeni kama kuna mtu alilala stesheni. Hilo la mwisho halina safu, lichoreni wenyewe kwa rula.

Janini alipomaliza masomo na kupata kazi hospitalini, nilivaa nguo yangu ya kanisani nikaenda kumwambia Shefu Kalonda ukweli wote. Alisikiliza, akafunga mlango, akasema anajua tangu siku ile, maana yeye pia ana macho. Nikaandika barua makao makuu, kurasa mbili, jina langu chini. Baada ya muda mrefu ilikuja barua ya kusema kwamba barua yangu imepokelewa. Baada ya muda mwingine Mwape aliruhusiwa kurudi Likasi akitaka. Mimi na mke wake tulikwenda kupiga simu pamoja. Ndiyo siku aliyoanza tena kunisalimia. Mwape akatujibu kwamba watoto waje Bukama, amepata shamba karibu na mto, na samaki wa kule hawahitaji ratiba. Walihamia wote. Faili lake bado linasema ni mzembe wa karatasi. Anasema hilo halimsumbui. Linanisumbua mimi.

Kila mwaka mpya hunipigia. Hanisalimii kwanza.

"Yaya, imefika?"

"Bado."

"Mungu asifiwe, niko na sababu ya kuishi."

Tumefanya kila kitu. Nimeomba injini ilale Likasi Jumatano; ikalala, asubuhi ikakataa kuamka. Nimewaomba mafundi, madereva, hata mapadri. Mwaka mmoja treni iliondoka hapa saa moja kamili, mkia na kila kitu, nikakimbilia simu nimwite Mwape. Ng'ombe walikuwa wamelala kwenye reli kabla ya Mulandi. Wakati mwingine umeme ulikatika mlimani, abiria wakashuka kuchuma uyoga. Sasa Mama Chalwe ana simu yake na wajukuu wanaoibeba. Kila Alhamisi ananipigia kutoka Mulandi, na kama treni imefika Ijumaa, ananipigia Ijumaa.

Nimestaafu, lakini deni hilo halikuingia katika pensheni. Alhamisi iliyopita niliamka alfajiri kama kawaida, nikakaa na simu mkononi. Saa mbili na dakika kumi ilipita. Saa mbili na dakika thelathini na tatu ikalia, na nyuma ya sauti ya Mama Chalwe nilisikia breki zinalia na wanawake wanaita mizigo yao.

"Yaya! Dakika makumi mbili na tatu tu! Haijakuwaka vile hata siku moja! Nimwite Mwape?"

"Mama, dakika ishirini na tatu ni kuchelewa."

"Kidogo tu, Yaya. Muandikie imewahi. Nani atajua?"

Nilimwambia apande, treni isije ikamwacha. Kisha nikaandika katika daftari, imechelewa, dakika ishirini na tatu, na namba ya Bukama sikuipiga.